Ringi za Mama Mkwe

Siku hizi injini hushika maneno ya mwisho yaliyosemwa ilipokuwa ikifungwa, na kuyarudia kila inapowashwa. Ndiyo maana mafundi wa Tukuyu hufanya kazi kimya, kitambaa mdomoni.

Lwitiko alikuwa anamalizia kufunga injini ya pikapu kuukuu ya Kijapani, mali ya mama mkwe wake. Alikuwa amevua kitambaa anywe chai pale mkewe Enea alipomuuliza kama ameweka ringi mpya za pistoni.

“Mpya nimeweka kwenye gari letu,” akajibu. “Mama anaenda sokoni tu, hizi za zamani zinamtosha.”

Enea akacheka.

Mama mkwe, Bi Tusajigwe, alipowasha gari aliyasikia maneno hayo yote, na kicheko cha bintiye. Akashukuru, akaondoka.

Mara tatu Lwitiko ameomba aifungue tena injini. Bi Tusajigwe husema gari halina tatizo.

Kila Jumapili huja kuwaona wajukuu. Akiaga, Lwitiko humsindikiza hadi garini, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Bi Tusajigwe hukaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, bila haraka.

“Enea, mwanangu,” huita kwa upole, “na wewe njoo unisindikize.”

Wakishasimama wote wawili, ndipo huwasha.