Mlinzi wa Tumbo

Siku hizo kila mgonjwa wa lupus, maradhi ya kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, alimezeshwa mlinzi ugonjwa ulipomfika utumboni. Kilikuwa kidude kama punje ya mbaazi, kikikaa tumboni na kusema kupitia spika ya jikoni mpaka utumbo upone.

Mlinzi wa Bi Mwanakombo alikuwa na adabu zake. "Shikamoo, bibi. Umeshakula?"

"Marahaba. Uji tu, mwanangu. Pilipili sijaigusa."

Akitapika, mlinzi ndiye aliyempa pole. Tangu mumewe afariki, hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula.

Basi dawa zikamkubali. Uvimbe wa utumbo ukanywea, kuhara kukakoma, hata akaanza kula samaki wa kukaanga.

"Hongera, bibi," mlinzi akasema asubuhi moja. "Utumbo umepona. Leo jioni nitayeyuka."

"Uyeyuke uende wapi?"

"Kazi yangu imekwisha. Ila vidonge usiache, ugonjwa utarudi."

"Ukirudi je?"

"Utamezeshwa mlinzi mwingine."

Kesho yake Bi Mwanakombo alipika uji, akapakua, akangoja. Jikoni kimya.

"Nimeshakula," akaiambia spika, na kijiko hata hakijagusa uji.

Akatoa kidonge cha asubuhi, akakitazama kiganjani. Kisha akakirudisha kwenye kopo, akakaza kifuniko, akavuta kiti karibu na spika.