Koki ya Magadi

Kwa mara ya tatu wiki ile, tope ndani ya pipa lilikuwa limeganda mabonge kama uji uliosahaulika jikoni. Fundi alilitazama, kisha akaubwaga mwiko sakafuni mpaka ukadunda.

"Kuna mtu anaichezea koki yangu!"

Kazi yenyewe haitaki papara. Maji ya chumvi za madini na maji ya magadi huingia pipani tone kwa tone, yakikorogwa kutwa nzima, mpaka unga laini wa kutengenezea betri utulie chini. Kisha fundi huukausha na kuuchekecha kwa mikono yake, katika chumba kilichojaa vumbi lake. Koki ya magadi huguswa na fundi peke yake; ikifunguliwa kupita kiasi, unga wote ni wa kumwaga.

Msimamizi alikuja ameshika kiuno. "Mwendesha pampu ni mdogo wako. Nitafute mchawi gani tena?"

"Mdogo wangu? Ana watoto watatu, aje achome kazi yake mwenyewe?" Fundi alimnyooshea kidole. "Wewe ndiye unayenionea gere tangu nipewe pipa hili. Nitakuumbua mbele za watu!"

Kesho yake aliwahi kufika kabla ya wenzake. Akavaa glavu, akaupaka mpini wa koki dawa ya maabara. Haina rangi wala harufu, lakini ikikutana na sabuni hugeuka waridi. Hakumwambia mtu, hata huyo mdogo wake.

Kufikia jioni tope lilikuwa mabonge tena. Fundi akawaita wote kwenye beseni, akatoa mche wa sabuni.

"Naweni mmoja mmoja. Atakayebadilisha rangi ya povu, leo hii anatoka getini na harudi!"

Msimamizi alinawa wa kwanza, kwa madaha. Povu jeupe. Wachukuzi wawili wakanawa. Jeupe.

"Basi, imetosha," alisema fundi, akiuondoa mche wa sabuni.

"Haijatosha," alisema msimamizi. "Amebaki ndugu yako."

"Anawe basi, akuzibe mdomo!" Akamsukuma mdogo wake mbele.

Povu likawa waridi mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Fundi alimzaba kofi lililosikika chumba kizima. "Mimi nakupigania, wewe unanichimba! Nimekukosea nini?"

Mdogo wake hakujikinga. Alijifuta mikono kwenye suruali, akavua kitambulisho cha kazi, akakiweka mezani. Kisha akamsogelea dada yake na kumwambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Tope likiharibika, huingii chumba cha kuchekecha. Vile vitambaa unavyokoholea damu na kuvifua kwa siri, nimeviona. Wiki hii, dada, hujafua hata kimoja."