Ufa wa Darasa la Kwanza

"Leo pimeni chochote kwa vidole," mwalimu aliwaambia watoto.

Binti mmoja akaenda kwenye ufa wa ukuta wa nyuma. Mwalimu alikuwa ameuripoti ufa huo tangu mvua za mwaka juzi, na wakubwa wakaleta rangi. Hilo lisisahauliwe.

"Mwalimu, juzi ulikuwa kidole kimoja. Leo vitatu!"

Mwalimu mkuu alikuwa akipita dirishani, akacheka. "Labda vidole vyako vimekonda, mjukuu wangu. Pima tena."

Akapima tena. Mkono ukazama mpaka kwenye kifundo. Vumbi la chokaa likamdondokea nyweleni, laini kama unga.

"Toka hapo, mwanangu," mwalimu akasema taratibu, wengine wasishtuke.

"Siwezi, mwalimu. Ukuta unanibana."