Kitambaa Juu ya Bikira Maria

Askari walipobisha mlango, bendera ya Belarusi iliyopigwa marufuku, nyeupe yenye mstari mwekundu katikati, bado ilikuwa mikononi mwa Yazep. Siku hizo, yeyote aliyekutwa nayo alipigwa risasi. Mkewe Paraska alimpokonya, akaitundika juu ya picha ya Bikira Maria, pale ambapo kila nyumba ya mji ule hutundika kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu.

Wakapekua hata majivu ya jiko. Kisha mkubwa wao akainua macho kwenye picha.

Yule mkubwa alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Kitambaa kizuri, mama."

"Cha arusi yangu, mwanangu."

Walipoondoka, Yazep alinyoosha mkono aishushe bendera.

"Iache, mzee wangu," Paraska alisema, akimfuta jasho. "Imeanza kuheshimiwa."

Yazep naye akavua kofia.