Kibao cha Vitunguu

Mzazi mwenzangu, ukikosa kitu jikoni, kakitafute uani upesi.

Mimi nilitoka na kisu mkononi kutafuta kibao changu cha kukatia vitunguu, nikakikuta chini ya jeki. Jeki imebeba gari la mwanangu, lile la mbio, ambalo likiwa chini hata paka hapiti uvunguni. Na uvunguni yuko mwanangu mwenyewe, anamwaga oili chafu kwenye beseni langu la kufulia.

"Toka huko!"

"Mama naye! Nafunga nati tu."

"Mafundi wote wamekufa?"

"Watalichubua. Rudi jikoni, mama yangu."

Nikainama. Kibao kilikuwa na ufa, na nilipoutazama ukatembea, taratibu, kutoka ukingoni hadi katikati.

Sikubishana tena. Nilitupa kisu, nikamshika miguu yote miwili, nikamburuta kama gunia. Shati likapanda hadi kwapani, kokoto zikamchubua mgongo.

"Mama, una wazimu? Majirani wanatuangalia!"

Kibao kikalia ka!

Beseni langu lilikuwa la bati nene. Sasa linapita chini ya mlango.