Moto wa Bibi Nakundwa

Sheria inaruhusu moto wa zamani uendelee kuwaka, ila hairuhusu mtu yeyote kuwasha mpya. Ndiyo maana wageni hupanda milima ya Upare hadi kwenye kambi yetu ya mahema. Wanataka watoto wao wauone moshi.

Moto huu aliuwasha bibi yangu, Nakundwa, akiwachemshia chai wageni wake wa kwanza. Alipozeeka akamwachia mama. Mwaka ule masika yalipong'oa mahema yote, mama aliinama juu ya makaa akayakinga kwa mgongo wake, nywele zikamuungua upande mmoja. Sijaona mwanamke kama yule.

Kwetu hatutoki wote kwa pamoja, moto usije ukazimika. Kwenye harusi yangu mama hakuja. Nilimletea keki, akaila amechuchumaa hapa hapa, mkono mmoja ukichochea kuni, akicheka.

Leo tunamzika. Mdogo wangu Mbazi alikuja amevaa suti.

"Dada, nani anabaki?"

"Mimi."

"Lakini ni mama!"

"Bibi alipozikwa, yeye alibaki."

Akaondoka na waombolezaji. Sasa nyimbo zao zinanifikia kutoka bondeni. Binti yangu Naelijwa, wa miaka sita, amekataa kuandamana nao. Amechuchumaa kando yangu anasogeza kijinga cha moto, polepole, kama bibi yake.

"Kimbia uwafuate, mwanangu," nikamwambia. "Ukamuage bibi."

Hakunyanyua hata macho.

"Nikienda, mama, halafu wewe ukasinzia je?"