Koti la Usaili

Mtu wa tisa alipoingia, Spana aliinua mkono kumwonyesha kiti, na kwapa la koti likapumua. Jasho lile halikuwa lake. Lilikuwa jasho la watu wengine, la zamani na la juzi, limetuama humo kama maji ya dimbwi. Akaubana mkono ubavuni na kuuliza swali la kwanza.

Maswali yalikuwa manne, yamepigwa chapa kwenye karatasi iliyoshikwa na vidole vingi mpaka pembe zikalainika. La kwanza, umesoma wapi. La pili, pampu inavuma lakini haitoi maji, utafanyaje. La tatu, una uzoefu wa miaka mingapi. La nne halikuwa swali, lilikuwa jibu, na kila aliyeingia alipewa lile lile: kampuni inahitaji mhandisi mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, asante kwa kuja.

"Usiongeze lako, usipunguze," katibu muhtasi alikuwa amemwambia asubuhi, akimvisha koti hilo.

Nyuma yake, pembeni mwa dirisha, alikaa Meneja. Kazi yake kulamba kidole, kufunua ukurasa, kuandika, kisha kulamba tena, mpaka ile sauti ya mate ikawa inamtambaa Spana shingoni kama konokono. Mezani palikuwa na jagi la maji lenye nzi aliyekufa tangu mtu wa pili. Kila aliyekaribishwa maji alimwona, akasema hana kiu.

Wa tisa akatoka. Wa kumi naye akasomewa la nne, akashukuru mara tatu, kama vile amepewa kitu. Hilo lilimchefua Spana kuliko jasho: zile shukrani.

Wa kumi na moja alikuwa Fyuzi.

Walikuwa wamesoma meza moja chuoni miaka minne. Fyuzi alibandikwa jina hilo kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuungua. Spana alilipata lake kwa kuwa kila siku alikuwa mtu wa kumpa mwenzake spana, si wa kufungua nati. Hawakuonana tena tangu siku ya kupokea vyeti, mwaka wa pili sasa, lakini habari zina miguu. Spana alisikia kwamba Fyuzi anakaa kwa mjomba wake, na kwamba mjomba ameshasema: mwezi huu ukiisha bila kazi, cheti kitundikwe jikoni, mwenyewe aingie dukani kupima sukari.

Fyuzi alisimama mlangoni, akamtazama yeye, akalitazama koti, akamtazama tena.

"Spana? Kumbe wenzetu mmeshafika." Akacheka kwa furaha ya kweli, furaha iliyomchoma Spana kuliko tusi. "Basi leo nimeamkia upande mzuri."

Nyuma ya shingo, kalamu ya Meneja ikasimama.

"Keti, tafadhali. Umesoma wapi?"

Fyuzi akadhani ni utani. "Pale ulipokuwa unanakili kazi zangu, bwana." Alipoona mwenzake hacheki, akajikohoza, akakaa wima, akajibu kama mgeni.

La pili alilijibu kabla halijaisha. Angeanzia upande wa kuvuta maji, asihangaike na mota. Angetafuta mahali hewa inapoingilia. Ile valvu ya chini ya bomba inayozuia maji yasirudi, ikikwama kwa takataka, pampu itavuma mpaka kiama na tone usilione. Aisafishe, ajaze maji, atoe hewa, ndipo awashe. Kati ya watu kumi waliomtangulia, hakuna aliyefika hata nusu ya njia hiyo.

"Unaikumbuka ile ya karakana?" akaongeza. "Mimi nimelala chini, tope mpaka masikioni, wewe unanimulikia tochi."

Aliikumbuka. Hata tochi ilikuwa ya Fyuzi.

"Una uzoefu wa miaka mingapi?"

Meneja akalamba kidole.

"Wa kuajiriwa, sina," Fyuzi akasema taratibu. "Na unajua sina. Tulitoka siku moja, Spana. Huo wa kwako uliuokota wapi?"

Hapo ulimi wa Spana ulitaka kusema. Uliinuka kabisa, ukagonga meno. Kisha kile kiti cha nyuma kikalia, naye akateremsha macho kwenye karatasi na kulisoma la nne neno kwa neno, mpaka asante kwa kuja. Sauti yake mwenyewe ilimtia kinyaa, kama mtu anayekuta unywele kwenye tonge ambalo nusu yake ameshaimeza.

Fyuzi hakulia. Wala hakushukuru. Alivirudisha vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, akainuka, akashika jagi, akamimina glasi moja ya maji, nzi na yote, akaisogeza mbele ya Spana.

"Kunywa, bosi," alisema. "Koti limekukaa."

Mlango ukafungwa. Meneja akainuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akazunguka meza na karatasi zake mkononi, akalamba kidole, akafunua ya mwisho.

"Kumi na mmoja, na hukupepesa macho hata kwa rafiki yako. Kwa kweli umejitahidi, kijana. Usaili wako umekwisha. Ila kampuni inahitaji mhandisi mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, asante kwa kuja. Koti mwachie katibu muhtasi, mwenzako wa zamu ya saa nane analisubiri."

Spana akavua koti, akashukuru mara tatu.